Kitabu cha Lazima na Kifike Mollo

Maneno haya yalisemwa na mwalimu mstaafu mbele ya wazazi na wanachama waliokutana Mollo, Sumbawanga.



Nimetakiwa niseme juu ya jambo moja: je, yafaa wanafunzi wote wa sekondari nchini wawe na orodha moja ya vitabu vya lazima? Wako wasemao kwamba orodha ni kamba shingoni mwa mwalimu. Wako wasemao kwamba bila orodha kila shule itavuta upande wake. Mimi nasema orodha iwepo, lakini kwa sharti.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni, na kwa miaka kadhaa baada ya Uhuru wa 1961, mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge. Mtu asiyeijua Ufipa ndiye aliyeamua mtoto wa Mfipa asome nini. Mwaka 1973 tukaunda Baraza letu la Mitihani. Basi kujichagulia vitabu ni tunda la uhuru. Wala hatukuchukia kitabu kwa kuwa ni cha mgeni. Mwalimu Nyerere mwenyewe alimfasiri Shakespeare, na tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963. Tulichokataa ni kuchaguliwa.

Faida ya orodha moja ni hii. Takadini, riwaya ya Ben Hanson, imesomwa na vijana wengi wa sekondari nchini. Humo mama aitwaye Sekai anamkimbiza mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Ninyi mwajua ukatili waliofanyiwa ndugu zetu hao tangu miaka ya 2007, na mkoa wetu wa Rukwa haukusalimika. Kijana wa Mollo na kijana wa Mwanza wakimlilia mtoto yule yule, hapo taifa limejengwa.

Sasa nije kwenye uchungu wangu. Katika shule moja niliyofundisha, darasa la watoto zaidi ya 60 lilikuwa na nakala 3. Tulifanyaje? Niliandika muhtasari ubaoni, wao wakanakili. Walikariri dhamira na wahusika wa kitabu wasichokifungua. Siku ya mtihani wakatakiwa watoe hoja kutoka vitabu viwili. Mwenzao wa mjini alikuwa amesoma kitabu. Wa kwangu walikuwa wamesoma mwandiko wangu. Mtihani ulikuwa mmoja, maandalizi mawili. Je, huo ni usawa?

Ninyi ni wakulima. Mwajua kwamba katika ntumba majani hufukiwa, yakaoza, ndipo tuta likatoa maharage. Kitabu nacho chataka muda ndani ya mtoto. Muhtasari haupati muda wa kuoza.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu.

Kwanza, orodha iwe fupi, ili vitabu vyake vinunulike na visomwe vyote hadi ukurasa wa mwisho.

Pili, nafasi moja iachwe wazi, mwalimu na wanafunzi wachague wenyewe. Huku kwetu vijana wakusanye hadithi za wazee wa Ufipa, na habari za tanuru za chuma za babu zetu, kabla wazee hawajaondoka nazo.

Tatu, kitabu kisiitwe cha lazima mpaka kimefika shuleni. Anayelazimisha ndiye wa kwanza kupeleka. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, jambo jema sana, lakini kufuta ada hakujazi kabati.

Mtauliza, nasi tukae tukingoja? La. Madarasa tuliyajenga kwa mikono yetu. Baada ya mavuno, kila kitongoji kitoe magunia machache ya mahindi, fedha yake inunue vitabu, na kamati ya wazazi ivihesabu kila muhula. Lakini tukitoa, tusiache kudai.

Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima. Basi na kitabu kiwe mkononi mwa kila mtoto, wa Dar es Salaam na wa Mollo.