Hati za Bima na Kifuko cha Mkojo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bisibo)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nami nitalitaja wazi, kwa kuwa haya hiyo ndiyo iwaumizayo wenzetu. Ni khabari ya mtu aliyeondolewa kibofu, akatobolewa tundu tumboni ili mkojo upate kutokea hapo. Njia ya kuupitishia mkojo katika kipande cha utumbo ilielezwa na Daktari Eugene Bricker wa Marekani mwaka 1950. Katika nchi zetu za Ziwa sababu moja ya mtu kufikia hapo ni kichocho cha mkojo, ambacho kikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu.

Tundu hilo halina mlango. Mkojo hutoka usiku na mchana, na mwenyewe hawezi kuuzuia. Kwa hiyo hugandishwa kifuko ngozini, nacho aghalabu hubadilishwa kila baada ya siku chache. Kikibadilishwa kila siku ya tatu au ya nne, hesabuni wenyewe: vifuko 8 hata 10 kwa mwezi, maadamu yu hai. Akikosa, hufua kile cha zamani mpaka gundi yake imekwisha, au hufunga nailoni kwa plasta. Hapo mkojo huchoma ngozi, harufu hutoka, na mtumishi hodari huanza kukaa mbali na wenzake ofisini, kisha huomba likizo, kisha haonekani tena.

Waungwana, sisi tu watu wa bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa ajili ya watumishi wa Serikali. Asilimia 3 ya mshahara hutoka kwetu, na 3 kwa mwajiri. (Mniwie radhi kwa maneno kufanana: Mfuko hulipa, kifuko hulipiwa.) Lakini kulipiwa operesheni ni jambo moja, na kulipiwa yafuatayo ni jingine. Operesheni ina siku yake na hati yake. Karani akikiandika kifuko pamoja na pamba na bandeji za wodini, hesabu hufungwa siku mgonjwa aruhusiwapo kwenda nyumbani, na siku hiyo ndipo haja inapoanza.

Huko Marekani bima ya wazee iitwayo Medicare huviweka vifuko hivi katika fungu la viungo vya bandia, kama mguu wa mti, kwani vinashika kazi ya kiungo kilichoondoka. Baada ya mwanachama kutoa sehemu yake ya kwanza ya mwaka, bima hulipa asilimia 80 ya bei iliyokubaliwa. Uingereza, mwenye tundu la daima aliye na cheti chake halipi ada ya dawa. Naona fungu hilo la viungo ndilo la haki.

Sasa tutazame njia yetu. Mtu wa Ngara au Biharamulo apelekwaye Bugando, Mwanza, ana safari ndefu. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea kungoja kivuko, lakini nauli haikuondoka. Hati ikipungua neno moja, ni safari ya pili. Basi kabla ya kutoka hospitali aombe iandikwe kwamba tundu ni la daima. Kipimo chake kwa milimita. Aina ya kifuko. Na idadi kwa mwezi. Kipimo kichukuliwe tena baada ya majuma machache, kwa kuwa tundu jipya hunywea. Kisha aulize Mfuko kwa barua, kabla ya kununua, na akikataliwa aombe sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo halikatiwi rufani; sisi makarani twalijua hilo kuliko wote.

Nimeandika rasimu ya barua ya Chama kwenda kwa Mfuko, kuomba kifuko cha mkojo kihesabiwe katika viungo vya bandia, kwa idadi ya kila mwezi. Iko kwa Bwana Katibu. Mwenye neno la kuongeza au kufuta amwone kabla ya kutawanyika.