Karatasi Zilizonusurika Washington

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa niseme machache juu ya ghasia zinazozuka baada ya uchaguzi, na hasa juu ya jambo hili la umati kuvamia majengo ya serikali kwa kuyakataa matokeo ya kura. Ningeweza kuanza na mawe, vioo vilivyovunjika na moshi wa mabomu ya machozi, kwani hayo ndiyo tuliyoyaona sote katika picha. Lakini kwa kuwa nazungumza na watu ambao kazi yao ni kalamu na karatasi, nimeona heri nianze na masanduku ya mbao.

Tarehe 6 Januari, 2021, saa saba mchana, Bunge la Marekani lilikutana mjini Washington. Kwa sura, kazi ya siku ile ilikuwa nyepesi: kufungua hati za matokeo ya uchaguzi wa Rais zilizoletwa kutoka kila jimbo, kuzisoma, kuzijumlisha na kutangaza. Hati hizo huletwa ukumbini katika masanduku ya mkangazi yenye mikanda ya ngozi. Saa nane na dakika kumi na kitu, mvamizi mmoja alivunja dirisha kwa ngao aliyompokonya askari, na umati ukamiminika ndani. Askari mmoja, Eugene Goodman, alijikuta peke yake ngazini mbele ya kundi zima. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akawavuta wamfuate upande usiokuwa na mlango wa Seneti, ilhali maseneta walikuwa bado wamo ukumbini. Wakati maseneta wanatolewa mbiombio, watumishi wa Seneti walio chini ya mtaalamu wa kanuni za kikao waliyakumbuka yale masanduku, wakayabeba. Muda si mrefu wavamizi waliingia, mmoja akajitwalia kiti cha mwenyekiti, wengine wakapekua madawati. Masanduku hayakuwapo.

Wanasheria watasema kwamba nakala nyingine za hati hizo zilikuwako, pamoja na zile zinazohifadhiwa katika Idara ya Nyaraka ya nchi hiyo. Ni kweli. Lakini sisi tuliozoea ofisi tunajua tofauti ya hati iliyopo mezani na hati inayosemwa kwamba ipo mahali. Siku ile waliotaka matokeo yabatilishwe walikuwa na haja ya kitu kimoja tu, nacho ni ucheleweshaji. Hawakuupata. Kikao kilirudi baada ya saa mbili usiku, na kabla ya kupambazuka, saa tisa na dakika arobaini, Makamu wa Rais Mike Pence alitangaza hesabu: Joseph Biden kura 306 za wajumbe wa majimbo, Donald Trump kura 232. Pence, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioshindwa, alisoma kushindwa kwake kwa sauti yake.

Ndugu zangu, mtu akilitazama tukio hili kwa pupa atadhani kwamba uchaguzi ule uliokolewa siku ile. Mimi naona ulikwisha kuokolewa majuma kadhaa kabla, katika vyumba vidogo, na watu ambao majina yao hayakujulikana hata mtaa wa pili. Umati ulielekezwa Bungeni kwa sababu milango mingine yote ilikuwa imekwisha kubishwa, nayo haikufunguka. Mahakama zilibishwa kwa mashauri zaidi ya 60, na karibu yote yakaanguka, mengine mbele ya majaji walioteuliwa na Trump mwenyewe.

Tuchukue jimbo la Michigan. Iko huko bodi ya watu wanne, wawili wa chama hiki na wawili wa chama kile, ambayo kazi yake ni kuthibitisha matokeo yaliyoletwa kutoka wilayani. Biden alikuwa ameshinda jimbo hilo kwa kura zipatazo 154,000. Bodi ilipokutana tarehe 23 Novemba, 2020, wakubwa wa chama cha Republican walikuwa wakitaka uthibitisho uahirishwe. Mjumbe mmoja wa chama hicho hakupiga kura upande wowote. Mwenzake, Aaron Van Langevelde, mwanasheria, alieleza kwamba sheria haikuwapa mamlaka ya kufanya lolote zaidi ya kuzithibitisha hesabu zilizo mbele yao, kisha akapiga kura pamoja na wale wa chama kingine. Kura tatu, hakuna aliyepinga, shauri likafungwa. Muhula wake ulipokwisha mwanzoni mwa mwaka 2021, chama chake hakikumpendekeza tena.

Au tuchukue Georgia. Huko kura zilihesabiwa mara tatu, na mara moja kati ya hizo zilihesabiwa kwa mkono, karatasi kwa karatasi. Tofauti ilibaki kura 11,779. Jumamosi ya tarehe 2 Januari, 2021, Rais wa nchi alimpigia simu Katibu wa Jimbo, Brad Raffensperger, mtu wa chama chake mwenyewe, wakazungumza kwa muda wa saa nzima. Rais alisema anataka zipatikane kura 11,780. Raffensperger alimjibu kwamba takwimu alizo nazo si sahihi, na hesabu ikabaki kama ilivyokuwa.

Nawaomba muitafakari simu ile. Haikutamka neno la wizi. Iliomba, ikabembeleza, ikadokeza hatari ya kisheria, ikataja uaminifu kwa chama. Ilikuwa sauti ya mkubwa kuliko wote katika nchi ile. Sisi tuliokulia katika utumishi tunaijua sauti hiyo hata inapotoka kwa mtu mdogo mno kuliko Rais. Hainyanyuki. Husema, "Hebu tazama tena," nawe unaelewa. Mtumishi hufundishwa utii tangu siku ya kwanza kazini, na utii ni jambo jema, kwani pasipo utii hakuna ofisi. Lakini tarakimu haina mkubwa. Mwalimu wa hesabu hawezi kuamriwa kwamba saba na tano ni kumi na tatu.

Wako walioumia zaidi kuliko hao wenye vyeo. Mjini Atlanta mama mmoja na bintiye, waliofanya kazi ya kuhesabu kura, walizushiwa kwamba waliingiza kura za bandia kutoka katika mikoba iliyofichwa chini ya meza. Uzushi huo ulitajwa na wakubwa, ukarudiwa, ukaenea. Mama yule alishauriwa na wapelelezi wa serikali aihame nyumba yake, akakaa nje yake kwa muda wa miezi miwili. Binti aliacha kazi aliyoipenda. Mnamo Desemba 2023 baraza la mahakama liliamuru mwanasheria aliyewazulia, Rudolph Giuliani, awalipe dola milioni 148. Fedha ni nyingi, lakini mtu aliyewahi kusingiziwa mbele ya majirani anajua kipi hakilipiki.

Labda atatokea wa kusema kwamba dawa ya mambo haya ni kuongeza polisi mlangoni. Sikatai kwamba jengo la serikali lilindwe. Askari wapatao 140 waliumizwa siku ile, na laiti wangekuwa wengi zaidi wasingeumia kiasi hicho. Lakini nauliza: umati ule ulitoka wapi? Haukuwa umati wa wenye njaa. Miongoni mwa walioshitakiwa baadaye walikuwamo wenye maduka, askari wa zamani, watu wenye nyumba na ajira. Walifika pale kwa sababu mtu waliyemwamini aliwaambia kwa miezi miwili kwamba wameibiwa. Uongo unaotoka katika kiti cha juu haushuki peke yake, huteremka ukikusanya watu, na ukifika mlangoni polisi wamekwisha chelewa.

Miaka miwili baadaye, Jumapili ya tarehe 8 Januari, 2023, tuliyaona yale yale mjini Brasília. Luiz Inácio Lula da Silva alikuwa amemshinda Jair Bolsonaro katika duru ya pili kwa asilimia 50.9 dhidi ya 49.1, na alikuwa na juma moja tu madarakani. Umati ulivamia Bunge, Mahakama ya juu na Ikulu, vyote vitatu vikiwa kando ya uwanja mmoja, ukitaka jeshi liingilie kati. Katika Ikulu waliiangusha na kuivunja saa kubwa ya kale iliyoundwa Ufaransa katika karne ya 17. (Saa ile, naapa, haikumpigia kura mtu yeyote.) Ilichukua miaka miwili kuitengeneza upya huko Uswisi.

Wazushi wa Brazil walishikilia kwamba mashine za kupigia kura haziaminiki. Wasilolisema ni kwamba kila mashine, kituo kinapofungwa, hutoa karatasi ya matokeo, na nakala yake hubandikwa mlangoni mwa kituo, apitaye aisome. Aliyetaka kujumlisha angejumlisha. Siku ya pili baada ya uvamizi Lula alitoka Ikulu akifuatana na magavana wa majimbo, wengine wao wakiwa wapinzani wake, wakavuka uwanja kwa miguu hadi Mahakamani. Mnamo Septemba 2025 Mahakama hiyo ilimhukumu Bolsonaro kifungo cha miaka 27 na miezi mitatu kwa njama za kupindua serikali.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Trump alishinda uchaguzi wa Novemba 2024 kwa kura halali, na hakuna aliyevunja dirisha kumpinga. Tarehe 20 Januari, 2025, siku alipoapishwa, aliwasamehe watu wapatao 1,500 walioshitakiwa kwa uvamizi ule. Nalieleza hili ili mtumishi asije akadhani kwamba anayetunza karatasi hulipwa sifa. Raffensperger alichaguliwa tena mwaka 2022, Van Langevelde aliachwa. Mara nyingine hulipwa, mara nyingine hapana.

Haki yanitaka niseme na upande wa pili, maana si kila kilio cha baada ya uchaguzi ni uzushi. Nchini Kenya matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, 2007, na Rais akaapishwa jioni ile ile. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika majuma yaliyofuata, na mamia kwa maelfu wakayakimbia makazi yao. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza mwaka 2008, iliona kwamba kumbukumbu za hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua ni nani hasa aliyeshinda. Hebu fikirini uzito wa maneno hayo. Maiti wote wale, na hata leo hakuna awezaye kufungua faili na kusema: jibu ni hili. Huko karatasi hazikubebwa na mtu.

Wakenya walijifunza. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, fomu za matokeo za vituo 46,229 ziliwekwa wazi na tume kwenye mtandao, kila mwenye simu aweze kuzitazama. Wajumbe wanne kati ya saba wa tume hiyo waliyakana matokeo ya jumla, jambo ambalo mwaka 2007 lingeiwasha nchi. Safari hii shauri lilipelekwa Mahakama ya Juu, likaamuliwa tarehe 5 Septemba, fomu zile zikiwa mezani.

Kwa hiyo nasema, hata kama maneno haya hayatawafurahisha baadhi ya wenzetu: chama kilichomo madarakani ndicho kinachopaswa kuwa cha kwanza kutaka fomu ibandikwe mlangoni, na wakala wa mpinzani apewe nakala yake kabla wino haujakauka. Chama hicho ndicho chenye majengo ya kuvamiwa.

Na fomu hiyo hujazwa na nani? Hujazwa na ninyi. Mahali pengi katika sehemu zetu kituo cha kura ni darasa, na msimamizi ni mwalimu. Nami nimewahi kuifanya kazi hiyo. Usiku mmoja, kwa mwanga wa karabai, tulihesabu kura, ikatokea kwamba karatasi zilizotolewa na karatasi zilizomo sandukuni zinapishana kwa tatu. Ilikuwa saa sita imepita. Mawakala walikuwa wanasinzia, na aliyeongoza alikuwa mbele mno hata tatu hizo zisingembadilishia kitu. Nje lilisimama gari, na bwana mmoja mwenye cheo, ambaye simtaji, aliingia akatuambia tuandike tu zipatane, kwani vituo vingine vyote vimekwisha leta.

Karani wangu, mwalimu kijana wa darasa la tatu, alinitazama. Sijui ningefanya nini laiti asingenitazama. Nilimwambia bwana yule asubiri garini. Tulizimwaga karatasi zote sakafuni, tukaanza upya, moja moja, mawakala wakiamka mmoja mmoja. Ilipokaribia saa kumi tulizikuta: tatu zilikuwa zimegandamana na nyingine, kwa sababu ya vidole vyenye wino. Tukaandika, tukatia saini, nikabandika nakala mlangoni kwa gamu tuliyotumia kubandikia picha za watoto. Bwana yule aliichukua yake bila ya kuniaga.