Sufuria Haitoshi
Hotuba ya mahafali ya kidato cha nne, Mingoyo

  

Wahitimu, nina swali moja, na sidhani litatoka kwenye mtihani wenu wa Novemba. Maji yakichafuka, nyumbani tunafanyaje? Tunayachemsha. Ni sawa kabisa: vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufia sufuriani. Lakini kuna uchafu ambao moto hauuwezi.

Huko Kisumu, mji unachota maji ya kunywa kutoka Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Joto likizidi na upepo ukatulia, maji ya ghuba hugeuka kijani, mazito kama mlenda, na yananuka. Ni sianobakteria, viumbe vidogo vinavyozaliana kupita kiasi. Vikiingia mtamboni huziba michujio ya mchanga. Mafundi huosha michujio kila mara, huongeza shabu na klorini, na gharama inapanda. Baya zaidi, baadhi ya sianobakteria hutengeneza sumu inayodhuru ini. Ukiyachemsha maji hayo, seli hupasuka na kuimwaga sumu. Mvuke unaondoka, sumu inabaki.

Agosti 2014, jiji la Toledo nchini Marekani, linalotumia maji ya Ziwa Erie, liliwaambia watu zaidi ya 400,000, kwa sababu ya sumu kama hiyo, wasinywe maji ya bomba, na wasijisumbue kuyachemsha. Wenzetu wale wana mitambo na maabara. Tatizo lao lilianzia mbali na mtambo, mashambani, ambako mvua iliosha mbolea na kuipeleka ziwani. Sianobakteria hushiba fosforasi na naitrojeni, nazo zimo kwenye mbolea, samadi na maji ya vyoo.

Sasa tujiangalie. Sisemi Mto Lukuledi umefikia hali ya Winam. Nasema sisi wa Mingoyo tuko mwishoni mwake, jirani na ghuba ya Lindi. Kinachomwagwa bonde la Ndanda, Nyangao na Mtama kinateremka kuja kwetu, na chetu kinaishia kwa wavuvi wa Lindi. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa maji yenye sumu hiyo tiba ya nyumbani haipo.

Kwa hiyo, utakayekuwa bwana shamba, mfundishe mkulima kufukia mbolea shimoni badala ya kuirusha juu mvua ikiwa imefunga. Utakayekuwa fundi, ukatae kuchimba choo ukingoni mwa mto hata mwenye nyumba akikuongezea hela. Utakayekuwa mwenyekiti wa kijiji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekupa mita 60 za kulinda kando ya mto. Zilinde, hata kama shamba la kwanza kuvuka mpaka ni la mjomba wako.

Mtihani ukiisha mtakaa nyumbani kusubiri matokeo. Shukeni mtoni, mpime hizo mita 60 kwa hatua zenu. Mkikuta mtu analima ndani yazo, mwelezeni haya niliyosema. Ila mwanze na shikamoo.