MABABU ZETU NI WANGAPI?

Maneno ya kamati ndogo ya elimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nyarugusu



Tumepewa dakika chache kusema juu ya asili. Hatukuja na siasa. Tumekuja na hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya.

Kila mtu ana wazazi 2. Wazazi hao nao wana wazazi, jumla 4, ndio babu na bibi zetu. Nyuma yao wapo 8, kisha 16, kisha 32. Kila ukirudi kizazi kimoja, idadi inazidi mara mbili. Kizazi cha 10 kina watu 1,024. Tukichukua kizazi kimoja kuwa miaka 25 hadi 30, hao waliishi kama miaka 250 au 300 iliyopita. Kizazi cha 20 kina 1,048,576. Kizazi cha 30 kina 1,073,741,824, yaani zaidi ya bilioni moja.

Hapo vijana huuliza: watu wote hao walikaa wapi? Swali ni la haki. Miaka 800 iliyopita, kwa makadirio ya wataalamu, dunia nzima haikufikia watu nusu bilioni.

Jibu ni kwamba hesabu hii inahesabu viti, na mtu mmoja aweza kukalia viti vingi. Wajukuu wawili wa babu na bibi wale wale wakioana, mtoto wao atahesabu watu 6 mahali pa 8, kwa sababu wawili wanatokea kwa baba na tena kwa mama. Mtasema kwetu ni mwiko kuoana karibu hivyo. Ni kweli, lakini mwiko hulinda undugu unaokumbukwa. Ndugu wa kizazi cha nane hawajuani tena. Hukutana sokoni au ng'ambo ya ziwa, wakaoana bila kujua. Ndivyo koo zetu zilivyosukwa pamoja kama ukili wa mkeka.

Ndugu zetu, kuna mambo mawili tunayotaka mtoke nayo hapa.

La kwanza, tukitaja ukoo, wengi wetu tunafuata baba, na baba wa baba. Katika kizazi cha 10 njia hiyo inatufikisha kwa mtu 1 kati ya viti 1,024. Vingine 1,023 navyo ni damu yetu. Nchini Rwanda, tangu miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji, kitambulisho kiliandikwa kabila, na mtoto alipewa kabila la baba. Upande wa mama ulifutwa kwa kalamu. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuchagua wa kuuawa. Kwetu Kongo, sheria ya uraia ya 1981 ilidai mmoja wa mababu awe wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885. Kwa aliyezaliwa 1981, hapo ni vizazi vitatu au vinne nyuma, watu 8 au 16. Nani kati yetu angewataja wote kwa majina? Sheria ya 2004 ilisogeza kipimo hicho hadi wakati wa uhuru, 1960.

La pili ni majina yenyewe. Kambi hii ilifunguliwa 1996, na waliozaliwa humu sasa ni wazazi. Watoto wao hawajaona kaburi la babu hata moja. Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Basi kila nyumba ichukue daftari, iandike 2, na 4, na 8. Ni majina 14 tu, na kijiji alikozaliwa kila mmoja, upande wa mama sawasawa na wa baba. Kazi hiyo ina faida hata leo: wanaotafuta ndugu waliopotezana vitani huanza kwa kuuliza jina la baba na la mama.

Na ugomvi ukizuka bombani, mtu akimwambia mwenzake "wewe si wa kwetu", mwulizeni kwa upole amewahesabu mababu wake wangapi.