Pima kabla ya kupakia: maneno juu ya amortisa za pikipiki zetu

(Mazungumzo ya timu ya tereni mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka)



Mwenyekiti ametupa dakika 20 tuzungumze juu ya amortisa. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tulizoea kusema shokapu, na ndugu zetu waliobaki hapa wanasema amortisa. Kitu ni kimoja. Leo tutasema amortisa, maana mafundi wetu wengi njo wanavyoiita.

Tunajua kuna mama kule nyuma anajiuliza: hii inanihusu nini, mimi sina pikipiki? Mama, inakuhusu sana. Ni wewe unayekaa nyuma na mtoto mgongoni.

Tuanze na kosa letu. Mnakumbuka msimu wa mvua uliopita, motari wa pikipiki namba 2 alikuja ofisini kulalamika. Alikuwa anapandisha mzigo kwenda Fizi: abiria mmoja na bidoni 3 za mafuta ya mawese. Kila akiingia shimo, tairi la nyuma lilikuwa linagusa madigadi. Sisi wa timu tulimsikiliza, tukampeleka kwa fundi, tukatoa pesa kwenye sanduku la matengenezo. Fundi akamfungia amortisa ndefu za nyuma, zilizotoka kwenye pikipiki kubwa zaidi. Tairi likaacha kugusa. Motari akafurahi, nasi tukafurahi. Katika ripoti tuliandika kwamba pikipiki imeongezewa nguvu. Wafadhili wetu, neno hilo mlilisoma. Halikuwa kweli.

Siku chache baadaye pikipiki ilianza kuanguka yenyewe pale uani. Unaiegemeza kwenye stendi ya pembeni, unageuka, unasikia puu! Tulicheka, tukasema stendi imechoka. Kumbe pikipiki ilikuwa inatuambia jambo: nyuma imepanda, stendi imekuwa fupi. Hatukusikia.

Kisha ikaja ile siku ya kushuka kutoka Fizi. Hakuna mzigo, ni motari na mama mmoja, mwanachama wetu. Kwenye kona yenye changarawe, usukani ulicheza, gurudumu la mbele likakimbia, wakaanguka. Motari alivunjika mfupa wa bega. Mama aliumia goti, na majuma mengi hakufika soko. Sanduku letu lililipa hospitali, na hesabu yake mmeisikia asubuhi kwa mtunza sanduku.

Kitu kibaya zaidi ni hiki: motari alituambia hakuwa anakimbia, na sisi hatukumwamini. Tulisema, vijana ni vile vile. Baadaye ndipo tulipoiweka namba 2 kando ya namba 1 kwenye sakafu ya simenti, tukachukua metre. Nyuma ya namba 2 ilikuwa juu kwa sentimita 4. Tulienda kumwomba msamaha nyumbani kwake, na leo tunarudia mbele yenu: ndugu, tusamehe.

Sasa tueleze juu ya nini sentimita 4 zinaweza kumwangusha mtu.

Chukua baiskeli ya kawaida. Ishike kwenye kiti tu, isukume kwenda mbele. Gurudumu la mbele linafuata lenyewe, linanyooka. Sasa ivute kinyumenyume kwa kushika kiti kile kile. Usukani unageuka mara moja, unapinduka. Watoto wote wanaujua mchezo huu. Sababu yake ni kwamba amortisa za mbele zimelala kidogo, na mahali tairi linapogusa udongo pako nyuma ya mstari wa usukani. Ukienda mbele, gurudumu linaburutwa kama mbuzi nyuma ya kamba, linabaki kwenye njia.

Ukiinua nyuma ya pikipiki, unasimamisha zile amortisa za mbele. Kamba ya mbuzi inakuwa fupi. Pikipiki yetu ina kama sentimita 125 kutoka gurudumu hadi gurudumu; sentimita 4 za nyuma zinabadilisha mlalo kwa karibu digrii 2. Ni kidogo kwa macho, lakini mikono inasikia. Usukani unakuwa mwepesi, unageuka haraka, na kwenye changarawe au udongo wa utelezi hautulii. Ongeza mteremko na breki ya mbele: uzito wote unakimbilia mbele, amortisa za mbele zinazama, na kamba inafupika tena. Njo hapo tulipoanguka.

Kinyume chake ni hatari vilevile. Ukipakia mzigo mzito nyuma, nyuma inazama na mbele inakuwa nyepesi. Usukani unakuwa kama hauna mtu. Kwenye kona unataka kukata, pikipiki inakwenda nje. Breki ya mbele haishiki vizuri. Usiku taa inaangalia majani ya miti badala ya mashimo. Basi motari hakudanganya alipolalamika mara ya kwanza. Ugonjwa ulikuwepo. Ni dawa yetu iliyokuwa mbaya.

Wale wanaoshindana kwa pikipiki kule kwenye lami safi nao wanapandisha na kushusha hivi. Lakini wanabadilisha milimita chache, wanaendesha, wanaandika kwenye daftari, ndipo wanagusa tena. Sisi tuliongeza sentimita 4 kwa siku moja, bila kupima, kwa barabara ya mawe.

Tufanye nini sasa? Kwanza, tupime. Inahitaji metre, kipande cha chaki na watu watatu. Piga alama ya chaki kwenye fremu, juu kabisa ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Utapima kutoka ekseli hadi alama hiyo, mara tatu.

Mara ya kwanza, pikipiki iko kwenye stendi ya katikati, gurudumu linaning'inia. Mara ya pili, imesimama chini bila mtu. Mara ya tatu, motari amekaa na mzigo wake wote wa kweli, si mzigo wa kudanganya ofisi.

Namba 1 ilitupa hivi: ikining'inia, sentimita 48, peke yake, 46, na motari tu, 45. Tukaweka abiria na zile bidoni 3: ikashuka mpaka 40. Amortisa za nyuma za pikipiki ndogo kama zetu kwa kawaida zina mwendo wa sentimita 10 hivi. Ukiondoa 40 kwa 48, umekula 8. Zimebaki 2 za kumeza shimo, na mashimo ya barabara yetu mnayajua. Afadhali mzigo ule kama sehemu moja kwa tatu ya mwendo, sentimita 3 au zaidi kidogo, ili zilizobaki zifanye kazi njiani.

Pili, tutumie pete. Chini ya springi ya amortisa kuna pete yenye ngazi, mara nyingi ngazi 5. Unaizungusha kwa ufunguo wa ndoano. Ukipanda ngazi, springi inabanwa kidogo na nyuma inapanda. Kulia na kushoto ziwe ngazi moja. Ukisahau upande mmoja, mkono wa nyuma unapindika na tairi linaliwa upande.

Lakini vijana, sikieni vizuri hapa. Pete haiongezi nguvu ya springi. Springi ni ile ile, mwendo wake ni ule ule. Pete inabadilisha tu mahali pa kuanzia. Na ukiiacha ngazi ya juu baada ya kushusha mzigo, pikipiki tupu haizami hata kidogo. Gurudumu linaruka juu ya mawe kama mpira, na nyuma iliyoinuka inakurudisha kwenye hatari ya namba 2. Ukipakia, panda ngazi. Ukipakua, shuka ngazi. Kazi yenyewe ni dakika chache. Kisha angalia mnyororo, maana nyuma ikipanda au ikishuka ulegevu wake unabadilika. Angalia pia kama amortisa inavuja mafuta. Inayovuja haizuii tena mruko, hata ukiipa ngazi gani.

Tatu, amortisa ndefu na vile vyuma vya kuongezea vinavyochomelewa chini ya amortisa, tunaomba viondoke kwenye pikipiki zote za chama. Tumekwisha kurudisha za urefu wa kwanza kwenye namba 2.

Nne ni neno gumu, na tulisema na wamotari kwanza kabla ya kulileta hapa. Kitabu cha pikipiki zetu kinaandika kikomo cha kilo 150, na motari anahesabiwa ndani. Tufanye hesabu pamoja. Motari kilo 65, abiria kilo 60: ni 125. Bidoni ya lita 20 ya mawese, na chombo chake, ni kama kilo 19. Basi ni abiria na bidoni 1, ama bidoni 4 bila abiria. Safari ile ya abiria na bidoni 3 ilikuwa kilo 182. Pete yoyote haiwezi kuponya hiyo.

Wamotari walitujibu wazi: mkipunguza mzigo, mmepunguza sahani ya watoto wetu, na malipo ya kila juma kwa chama yako pale pale. Wana haki. Hatuwezi kumwambia mtu apunguze mzigo halafu tumdai pesa zile zile. Tukifanya hivyo atatukubalia hapa ndani, na akifika kwenye kona ya kwanza atafunga bidoni ya pili.

Kwa hiyo tunaleta maombi mawili. Kwenu wanachama: malipo ya kila juma ya wamotari yapunguzwe kwa msimu mmoja, kisha tuketi tena na hesabu mkononi. Kwenu wafadhili: mlitaka kutusaidia kununua pikipiki ya tatu. Tunawashukuru kutoka moyoni. Tunaomba pesa hizo kwanza zinunue amortisa nzuri za akiba kwa hizi mbili, ufunguo wa ndoano kwa kila motari, na siku chache za mafunzo kwa mafundi. Pikipiki mbili zinazofika salama zinamsaidia mama wa soko kuliko tatu zinazomlaza hospitali. Tunajua haipendezi kwenye picha kama pikipiki mpya.

Mama aliyeanguka siku ile yuko hapa kati yetu. Ametupa ruhusa tuseme habari yake bila jina lake. Ameanza tena kupanda, lakini kwanza anamwambia motari: nionyeshe ngazi ya pete. Asipoonyeshwa, anatembea kwa miguu. Wamama wengine, fanyeni hivyo hivyo. Msiogope kuitwa wasumbufu.

Jumamosi saa 2 asubuhi tutakuwa uani kwa ofisi na metre na chaki. Kila motari aje, hata asiye wa chama. Aje na mzigo wake wa kweli.

Sasa tuko tayari kwa maswali, na kwa makaripio pia.