Fosforasi Iliyofungwa: Majibu ya Maabara na Udongo wa Matumbawe wa Lamu



Sikuja kuwahubiria kwamba kupima udongo ni jambo jema, hilo mnalijua. Nataka tuyatazame majibu yanayorudi kutoka maabara. Mashamba mawili, moja la kisiwa cha Pate na jingine la Mpeketoni, bara, yanaweza kuandikiwa kiwango kilekile cha fosforasi, na bado mahindi ya moja yakadumaa.

Chanzo ni mwamba. Visiwa vya Pate na Manda vimekalia matumbawe ya kale, yaleyale yanayochimbwa Manda kwa mawe ya kujengea. Udongo wa huko aghalabu ni mwembamba na umejaa chokaa. Fosforasi ikikutana na kalisi ya chokaa hiyo hushikana nayo. Shambani ipo, lakini mizizi haiipati. Zinki na chuma navyo huadimika hivyo hivyo. Huku bara, penye mchanga, tatizo ni jingine: masika yakikazana, naitrojeni na potasiamu huzama zikaiacha mizizi juu.

Sasa, maabara haihesabu kila chembe ya fosforasi iliyomo. Humimina kemikali inayotoa ile sehemu inayokadiriwa kuwa mmea utaifyonza, kisha hupima kilichotoka. Njia ya Bray (1945) na ile ya kwanza ya Mehlich (1953) hutumia asidi, nazo zilibuniwa Marekani kwa udongo wenye asidi. Zitumie kwa udongo wa matumbawe, na chokaa itaimaliza nguvu ya asidi hiyo, au asidi itayeyusha fosforasi ambayo mzizi usingeweza kuigusa. Namba itapatikana, ila haitamfaa mkulima. Njia ya Olsen ya 1954 hutumia bikaboneti ya sodiamu yenye pH 8.5, na ndiyo inayokubaliana na udongo wa chokaa. Kwa hiyo anayepeleka sampuli za Siyu au Faza, kisiwani Pate, aandike kwenye fomu: udongo wa matumbawe, naomba Olsen. Majibu yasiyotaja njia iliyotumika, mimi ningeyarudisha.

Utajuaje mapema kama udongo wako una chokaa? Chukua konzi ya udongo mkavu, uikamulie ndimu. Ikitoa povu na kuchacharika, chokaa ipo. Siki nayo yafaa. Ila chambua kwanza vipande vya kombe, maana hivyo hutoa povu hata penye udongo usio na chokaa.

Kuhusu kuchukua sampuli sitakawia: kina cha sentimita 20, sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, changanya, anika kivulini, nusu kilo yatosha. Epuka mahali punda hufungwa na palipochomwa takataka. Ndoo iwe ya plastiki, kwani ya bati hupakwa zinki na itaharibu kipimo cha zinki.

Majibu yakishapatikana, tusinakili ushauri wa kwingine. Chokaa ya kilimo inayosaidia udongo wa magharibi mwa Kenya haina kazi Pate, penye chokaa tayari. Urea ikitupwa juu ya udongo wa chokaa, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia, ifukiwe. Mbolea ya fosforasi iwekwe karibu na mbegu, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Punda tunao, samadi isitushinde.

Na anayemwagilia kwa maji ya kisima aombe pia kipimo cha chumvi, apeleke na chupa ya maji hayo. Udongo peke yake hautamwambia kama chumvi inatoka kisimani.