Mbwa, Manyoya Yake na Usafi wa Nyumba



Katika mtaa wa Lucky Summer, jirani na Baba Dogo na Korogocho katika jiji la Nairobi, si ajabu kumkuta mbwa katika ua mmoja utumiwao na jamaa wengi. Wenyewe humfuga kwa ajili ya wezi wa usiku, naye ni mlinzi asiyedai mshahara. Lakini mlinzi huyo huacha deni lake kila asubuhi: manyoya. Yamo katika kochi, yamo katika sweta ya mtoto wa shule, na mara nyingine huonekana yakielea juu ya chai.

Jambo hili huonekana dogo, nalo si dogo. Mbwa achukiwaye kwa manyoya yake hufungwa mnyororo nyuma ya choo, au hufukuzwa kabisa. Na mbwa aliyefukuzwa hapotei, bali huenda jaani. Jaa kuu la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, haliko mbali na mtaa huo, na mbwa wazururao katika majaa hugombania mabaki na kuumana. Arudipo usiku kwenye mlango aliouzoea, aweza kuleta kupe, viroboto, na hata kichaa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, na hadi leo haujatoka. Ndiyo maana yafaa mwenye mbwa ajue namna ya kukaa naye kwa usafi, asije akamtupa kwa sababu ya ufagio.

Kila unyoya wa mbwa una umri wake: huota, hupumzika, kisha hupukutika ili mwingine uchukue mahali pake. Katika nchi za baridi kama Uingereza, ambako mchana hurefuka na kufupika mno kwa majira, mbwa wengi hupukutisha manyoya kwa wingi nyakati mbili za mwaka. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana. Kwa hiyo manyoya hupukutika kidogo kidogo mwaka mzima, na mwenye mbwa angojaye msimu upite atangoja sana. Aidha, wako watu wadhanio kwamba mbwa wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, hapukutishi. Hupukutisha sawasawa, na manyoya yake mafupi huchoma katika kitambaa kama sindano. Yale marefu ya mbwa wa Kijerumani angalau hukusanyika yakawa madonge, yakaokotwa.

Kosa kubwa la watu wengi ni kupigana na sakafu na kumwacha mbwa. Unyoya ulioshikwa na burashi nje ya nyumba hautafagiliwa ndani. Na apigwe burashi uani, mara mbili au tatu kwa juma, kwa kufuata upande manyoya yalalako, mahali ambapo upepo hautayapeleka kwenye kamba ya nguo za jirani. Asiye na burashi na avae glavu ya mpira, ailoweshe kidogo, ampapase mbwa. Manyoya yaliyokufa yatashikamana na mpira. Kazi hiyo haihitaji maji mengi, na hiyo ni faida kubwa mahali ambapo maji huja kwa zamu. Kuoga mara moja kwa mwezi kwatosha kwa mbwa wengi. Sabuni ya kufulia haifai, maana hukausha ngozi, na ngozi kavu huzidisha kupukutika.

Ndani ya nyumba, kufagia pakavu hurusha manyoya na vumbi hewani, yakatua tena jioni. Heri kunyunyiza maji kidogo kwanza, kufagia polepole kutoka pembeni kuelekea mlangoni, kisha kudeki kwa tambara lililokamuliwa. Kochi hupanguswa kwa glavu ile ile ya mpira, na juu yake hutandikwa shuka ifuliwayo kila juma. Gunia alalialo mbwa nalo lifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mayai ya viroboto hayashiki katika manyoya. Huanguka popote mbwa alalapo, yakaanguliwa katika nyufa za sakafu. Kupe wa rangi ya kahawia ampendaye mbwa ni mjanja zaidi: ashibapo huanguka, akapanda ukutani, akataga maelfu ya mayai katika ufa. Nyumba ya namna hiyo haitasafika kwa kumwogesha mbwa peke yake. Hapana budi nyufa zizibwe na mbwa atiwe dawa siku zile zile.

Hapo pana onyo. Wako watu wampakao mbwa mwenye upele oili chafu ya gari, na wengine humwagia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Mbwa hujilamba, na sumu ikaingia tumboni. Manyoya yakitoka kwa mabaka, ngozi ikawa nyekundu au yenye magamba, huko si kupukutika kwa kawaida bali ni ugonjwa, na upele wa namna fulani waweza kuwawasha watu wa nyumbani pia. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa wanyama. Mara nyingine dawa imo jikoni: mbwa alishwaye ugali mtupu hukosa protini na mafuta ya kuilisha ngozi. Omena kidogo, waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi, huongeza yote mawili kwa bei nafuu.

Sasa kuna mtoto mwenye pumu. Watu husema manyoya ndiyo yamzuiayo pumzi, kumbe yenyewe ni mchukuzi tu. Kimdhuruo ni mate na unga mwembamba wa ngozi ya mbwa, ambao huelea hewani na kushika nguoni. Kwa hiyo kumnyoa mbwa hakumponyi mtoto, na hakuna aina ya mbwa iliyothibitika kuwa haina kitu hicho. Chumba alalamo mtoto huyo kisiingiwe na mbwa hata kidogo. Na akizidiwa, ushauri wa daktari utangulie mapenzi ya mbwa. Katika ploti yenye ua mmoja, mtoto huyo aweza kuwa wa jirani. Jirani huyo aweza kuwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambaye mbwa aliyelowa akimgusa nguo yampasa kuitoharisha kabla ya sala. Kumfunga mbwa mbali na kamba za nguo na njia ya kwenda msikitini ni adabu isiyogharimu kitu.

Manyoya huchukua pia mayai ya minyoo. Huko Turkana, ambako watu na mbwa wameishi karibu mno, ugonjwa wa uvimbe wa maji katika ini ulionekana kwa wingi kuliko karibu mahali pote duniani, nao hutokana na mayai ya tegu wa mbwa. Mbwa wa mjini alaye matumbo mabichi kutoka machinjioni aweza kumpata tegu huyo. Basi apewe dawa ya minyoo kama daktari aelekezavyo, na sindano ya kichaa kila mwaka, na kadi yake itunzwe. Mtoto aliyempiga mbwa burashi aoshe mikono kwa sabuni kabla hajagusa chakula. Yale manyoya yaliyokusanywa yafungwe katika gazeti kuukuu na kutiwa katika taka. Yakitupwa mtaroni hushikana na mifuko na matope, na mvua ya Aprili ikija maji huingia chumba cha kwanza kilicho karibu.